Sura ya Saba: Ndege Asiye na Ukoo

Koplo wa zamu alikuwa anapiga miayo, na mbele ya kaunta yake alisimama mwanamke mwenye kikapu, shingo ya chupa ya chai ikichungulia juu. Koplo alikuwa hamwoni. Si kwamba macho yake hayakumfikia, la; alikuwa hamwoni vile mtu anavyoamua kutomwona mgeni aliyekuja wakati wa chakula.

Inspekta aliingia na vumbi la safari bado liko viatuni. Alikuwa ametumwa mji mwingine kutoa ushahidi wa kesi ya zamani, na huko alikalishwa kwenye benchi la mahakama mpaka kiuno kikaomba radhi. Kituoni walimwita Shubiri, kisogoni lakini. Alijua, na wala hakuona ubaya. Shubiri ni chungu, ila ni dawa.

"Huyu mama anasubiri nini?"

"Ni mke wa yule mwizi wa ndege, afande."

"Mwizi gani?"

Koplo akafunga mdomo uliokuwa katikati ya mwayo. "Yule mlinzi wa makumbusho. Tulimkamata ulipokuwa safarini. Mkuu aliamuru. Saa nane anapelekwa mahakamani."

Inspekta aliweka mkoba wake juu ya kaunta polepole, kama mtu anayetua mayai, na waliomfahamu walirudi nyuma hatua. Kabla ya kuondoka alikuwa ameacha neno moja tu kituoni hapo: asikamatwe mtu mpaka nirudi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Makumbusho walikuwa na ndege mmoja mkavu, mdogo wa kuenea kiganjani, aliyepatikana zamani ndani ya msitu mnene na hajapata kushikwa mwingine mpaka leo. Walimwita Yatima, kwa kuwa wataalamu walishindwa kumpatia jamaa. Sasa Yatima alitoweka kwenye droo yake, kabati halikuvunjwa, mlango haukuguswa, na mlinzi ndiye mwenye mashada ya funguo. Kwa mvivu, kesi ya namna hiyo ni embe lililoanguka lenyewe.

"Mlimkuta na nini?"

"Unyoya, afande. Wa kijani. Mfukoni mwa koti lake. Na Daktari mwenyewe wa makumbusho ameandika kwa mkono wake kwamba ni wa yule ndege."

"Mwongo!" Mwanamke akapiga kaunta kwa kiganja, kikapu kikaruka. "Mwongo huyo Daktari wenu, na wewe uliyemwamini ni mwongo mwenzake! Huo unyoya ni wa taji la mwanangu. Shuleni walicheza mchezo, yeye akafanywa mfalme. Taji likavunjika njiani, baba yake akaokota manyoya akatia mfukoni. Nimelisema hili tangu juzi, mpaka mate yamenikauka!"

"Nani umemwambia, mama?"

"Huyu hapa! Akaniambia niende nyumbani nikapike."

Inspekta akamgeukia Koplo. "Ulete huo unyoya."

Uliletwa ndani ya bahasha. Inspekta akautoa kwa kibano, akaulaza juu ya karatasi, akatazama. Kisha akachomoa kitambaa cheupe kilichokuwa mkobani, akakilowesha kwa maji ya glasi ya Koplo, akagusa ncha ya unyoya na kukibana kidogo. Alipokinyanyua, kitambaa kilikuwa na doa la kijani kibichi, na ile ncha imebaki nyeupe kama jino.

"Unaona nini, Koplo?"

"Naona... rangi, afande."

"Unaona kuku. Kuku mweupe aliyepakwa rangi ya dukani. Mtu aliyemaliza maisha yake yote kwa kutazama ndege, ameletewa unyoya wa kuku, akasema huyu ndiye Yatima." Akakunja kitambaa. "Yule mfalme wa shuleni angemcheka. Mama, samahani. Keti. Chai hiyo itamfikia mumeo mimi nikiona kwa macho yangu."

Mahabusu kulikuwa na harufu ya dawa ya choo na jasho la watu wasiolala. Mlinzi alikuwa ameegemea ukuta, mkono wa kushoto ameupakata kama mtoto mgonjwa, na kila akivuta pumzi anaikata katikati. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni, na shati lake la kazi bado limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, ila kimoja tu cha chini kimefunguka.

"Nani kakufanya hivi, mzee?"

Mlinzi akamtazama Koplo aliyekuwa nyuma ya Inspekta na bilauri ya chai, kisha akatazama sakafu. "Nilianguka."

"Aha. Sakafu ya hapa inajua kupiga mbavu." Inspekta akachuchumaa, magoti yakalia. "Nijibu machache tu. Funguo za chumba cha ndege unazo?"

"Sina. Mimi nina za milango ya nje na ya ukumbi. Chumba cha ndege ufunguo ni wa Daktari, na mwingine ni wa yule mama fundi. Niliwaambia. Hawakuuliza, nilisema mwenyewe."

"Na watu wakitoka, unawakagua?"

"Wote. Mpaka mabegi ya watoto wa shule. Ila Daktari hakaguliwi. Ni amri."

"Amri ya nani?"

"Yake."

Inspekta akasimama. Alihisi hasira ikimpanda taratibu toka miguuni, kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

Mkuu wa kituo alikuwa ofisini na feni imeelekezwa usoni pake peke yake. Alikuwa mtu wa tumbo la heshima na sauti laini, na alipoona mlango unafunguliwa bila kubishwa alijua ni nani.

"Karibu, Inspekta. Kesi yako nimekumalizia. Sema ahsante."

"Mkuu, unyoya ni wa kuku."

"Wa nini?"

"Wa kuku. Na funguo hana. Na mbavu zake zimeguswa. Kesi gani hiyo umeimaliza?"

Mkuu akapunguza feni, ishara kwamba sasa anasikiliza. "Nisikilize dada yangu. Wakubwa wamepiga simu tangu alfajiri. Kuna mazungumzo magazetini, kuna wageni wanakuja kumwona huyo ndege. Wanataka mtu. Mtu ninaye. Kuku au bata, hayo atayasema hakimu."

"Hakimu atampeleka rumande, na huko atasahaulika mpaka mtoto wake aote ndevu. Unalijua hilo."

"Ninachojua, gari linaondoka saa nane. Uniletee ndege kabla ya hapo, tutazungumza. Ukiniletea maneno," akaongeza feni, "maneno ninayo tele, mke wangu nyumbani hunipa bure."

Makumbusho hayakuwa mbali. Inspekta alikwenda kwa miguu, kwa kuwa gari la kituo lilisemekana halina mafuta, lile lile lililokuwa na mafuta ya kumfuata mlinzi nyumbani kwake mbele ya majirani.

Chumba cha ndege kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi. Daktari alimpokea mlangoni. Alikuwa mrefu, mkavu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na mikono yake ilikuwa safi kiasi cha kumtia mtu haya. Kabla ya salamu kuisha alikwisha nyoosha kidole.

"Samahani Inspekta, sweta hilo libaki nje."

"Kwa nini?"

"Ni la sufu. Sufu hubeba wadudu. Humu ndani kuna ndege wa miaka na miaka, na mdudu mmoja jike akiingia na mayai yake, kabati zima linageuka unga. Hata sisi wenyewe, ngozi yoyote ikishatoka nje ya mlango huu, hata kama ni kwa saa moja, hairudi drooni moja kwa moja. Inakaa kwanza kwenye friza siku kadhaa, imefungwa kwenye mfuko, mpaka mayai yafe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba hii. Nimeiandika mimi."

"Sheria nzuri," Inspekta akasema, akavua sweta, akalitundika msumarini. "Nami ninayo ya kwangu kituoni. Haifuatwi."

Ndani kulinuka dawa ya nondo, ile kali ya kabati la nguo za marehemu. Makabati ya chuma yalipangwa mgongo kwa mgongo, na Daktari alivuta droo moja baada ya nyingine kumwonyesha. Ndege wamelala chali, safu kwa safu, miguu imefungwa kwa uzi msalabamsalaba, na mahali pa macho pamejazwa pamba nyeupe. Mwishoni mwa chumba, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, alikaa mwanamke mnene mwenye sindano mdomoni, anamshona njiwa tumbo. Huyo ndiye fundi, na kwa kuwa pamba ilimganda nywele, mikono na hata nyusi, walimwita Bi Pamba.

"Karibu mwanangu," akasema bila kutoa sindano. "Usimwogope Daktari. Hata mimi siku ya kwanza alitaka kunitia kwenye friza."

Daktari hakucheka. Alivuta droo ya Yatima. Ndani palibaki kitanda cha pamba chenye umbo la ndege mdogo, kama godoro la mtoto aliyetoroka.

"Nieleze habari zake," Inspekta akasema. "Kwa maneno ya mtu wa darasa la saba."

"Mgongo wa kijani, kifua cha rangi ya kutu. Mdomo una ndoano mbele. Wa kwanza waliomwona walimweka kwenye ukoo wa ndege waitwao mashore. Baadaye likaja kundi jingine likasema hapana, mdomo huu ni wa mbwigu, wakampeleka kwa mbwigu. Mimi nilimpima mifupa ya kidari, nikapima mabawa, na ulimi wake. Si shore na si mbwigu. Ana ukoo wake mwenyewe, na ndani ya ukoo huo yuko peke yake duniani." Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Nimeandika hivyo. Nimesimama mbele ya watu nimesema hivyo."

"Masikini Yatima," Bi Pamba akadakia. "Ameolewa nyumba tatu, na zote wakwe wanagombana. Mimi namwambia Daktari kila siku, tumpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Kwenye taarifa nimesoma kuna profesa mgeni aliyekuja kumtazama kabla hajapotea. Yeye asemaje?"

"Yeye yuko upande wa mbwigu," Daktari akajibu upesi. "Na ukitaka ushauri wangu, hapo ndipo pa kutazama. Alikuja na begi kubwa. Alikaa humu na droo hii wazi. Mlinzi hawezi kujua thamani ya ndege huyu bila mtu wa kumwambia. Mtu alimtuma."

Inspekta akaliacha neno hilo lipoe. Ilikuwa njia pana, iliyofagiliwa, na kila aliyeipita njia iliyofagiliwa na mtuhumiwa anajua inaishia wapi. Hata hivyo aliipita, kwa kuwa kazi ni kazi.

"Bi Pamba, profesa aliachwa peke yake humu?"

"Peke yake? Nilikaa naye ubavuni mpaka nikajua wajukuu wake wote na yupi ana jino bovu. Begi aliliacha mlangoni, sheria ni sheria. Na kwa nini aibe? Yeye ndiye aliyekuwa anangojea kwa hamu. Wiki ijayo tungekata kipande cha kidole cha nyuma cha mguu wa kushoto, mbele ya mashahidi, kipelekwe maabara wapime vinasaba. Damu haidanganyi. Ingesema tu, huyu ni mtoto wa nani. Profesa alikuwa anasugua mikono kama bwana harusi."

"Na Daktari alikubali?"

"Alikubali kwa barua iliyotoka juu," Bi Pamba akasema, na safari hii alitoa sindano mdomoni. Alimtazama Daktari, kisha Inspekta, kisha njiwa wake.

Inspekta akatembea chumbani. Alitembea taratibu, mikono nyuma, akigusa kila kabati kwa kivuli tu. Anayetaka kipimo kifanyike haibi kitu cha kupimwa. Anayeiba ni yule anayeogopa jibu. Lakini hofu peke yake si ushahidi, na saa ya ukutani ilikuwa inakimbia kama ina deni.

Hapo ndipo aliposikia ngurumo ndogo. Haikuwa feni, kwa kuwa feni zilizimwa zisipeperushe manyoya. Ilitoka kwenye kijichumba cha pembeni, mlango wake nusu wazi, na ndani yake kulikuwa na friza ndefu nyeupe yenye kufuli. Ilikuwa inanguruma, ikinyamaza, ikinguruma tena.

"Bi Pamba, mmeleta ndege wapya?"

"Wapya watoke wapi? Tangu mvua zishike hatujaenda msituni. Friza tuliizima, tukaiacha wazi ikauke. Daktari mwenyewe huwa mkali umeme ukipotea bure." Kisha naye akasikia. Akainua kichwa. "Hee! Nani kaiwasha?"

"Mimi," Daktari akasema. "Naijaribu. Mashine ikikaa sana inaharibika."

"Fungua tuone inavyofanya kazi."

"Haiwezekani leo." Alijibu haraka, kwa ile sauti yake ya kufundisha, sauti iliyozoea kuamini kwamba anayesikiliza hajui. "Friza haifunguliwi ovyo, Inspekta. Ikifunguliwa kabla ya siku zake baridi inakatika, na mayai ya wadudu hayafi."

Hata Bi Pamba aliacha uzi ukining'inia.

"Mayai ya nini, Daktari?" Inspekta akauliza kwa upole. "Kama ndani hamna kitu?"

Mikono ile safi ikatafuta mifuko, haikuipata. Inspekta akanyoosha kiganja, na ufunguo ukawekwa humo, wa moto kwa jasho.

Chini kabisa ya friza, juu ya barafu changa, kulikuwa na mfuko mmoja wa nailoni uliofungwa vizuri, fundo la mtu mwenye adabu ya kazi. Ndani ya mfuko, juu ya pamba mpya, alilala Yatima. Mgongo wa kijani usiotoka rangi. Kifua cha kutu. Mdomo wenye ndoano, umefumbwa, kama anayeona haya kwa niaba ya wengine.

Bi Pamba alimpokea kwa viganja viwili, akampeleka dirishani, akampindua. "Mguu huu," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mguu wa kushoto. Mtazame, Inspekta. Hiki kidole cha nyuma si chake."

Hata asiyesoma angeona. Vidole vitatu vilikuwa vya kahawia na magamba mapana. Cha nne kilikuwa cheusi zaidi, chembamba, na penye kiungo chake gundi ilikuwa inang'aa kama tone la asali. Pembeni, ndani ya kipande cha pamba, kilikuwa kidole cha kweli.

"Umemkata," Bi Pamba akasema. "Umemkata Yatima, Daktari? Wewe?"

"Kidole hiki kingine ni cha nani?" Inspekta akauliza.

Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi. "Cha ndege wa mbali. Wa kisiwani. Damu yake haijapata kupimwa na mtu." Alizungumza na sakafu. "Maabara wangetafuta undugu na mbwigu, wasingeuona. Wangesema ana ukoo wake. Ijumaa nilimchukua nyumbani, kazi ya gundi inataka utulivu. Jumatatu ningemrudisha. Lakini Jumatatu hiyo hiyo Bi Pamba alifungua droo kabla yangu."

"Nikapiga kelele," Bi Pamba akasema. "Nikamwita mlinzi, masikini, aje anisaidie kutafuta. Alitambaa chini ya makabati yote haya na shati lake jeupe."

"Na baadaye ulimrudisha Yatima humu ndani," Inspekta akasema, "ili siku moja aonekane nyuma ya kabati, wote tushangilie. Lakini hukuweza kumweka nyuma ya kabati. Alikuwa ametoka nje ya mlango. Nyumbani kwako kuna zulia, kuna sweta. Ukamtia kwenye friza kwanza."

"Wangekufa wote," Daktari akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana mkweli. "Mdudu mmoja tu, Inspekta. Hujui."

"Ninajua." Sasa hasira ilikuwa imefika kooni, na Inspekta hakuiteremsha. "Ninajua kwamba uliletewa unyoya wa kuku aliyepakwa rangi. Ukavaa miwani. Ukautazama. Ukachukua kalamu ukaandika ni wa Yatima. Ulijua kinachomngoja mtu yule ukishaandika. Usiku kucha ulikuwa na wasiwasi wa mayai ya mdudu. Baba wa watu alikuwa anavunjwa mbavu, na wewe unahesabu baridi!"

"Sikusema apigwe!"

"Uliandika apigwe! Ulifikiri ukiandika kwa mwandiko mzuri haimfikii?"

Daktari akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unajua ule msitu umesimama kwa sababu gani? Kwa sababu mimi nilisema ndege huyu hana ndugu popote! Kwa neno hilo wakauwekea uzio. Akiwa mbwigu wa kawaida, misumeno inaingia kesho. Miti yote, chemchemi, kila kitu. Mtu mmoja, wiki chache za rumande, nami ningemtafutia wakili..."

"Kama msitu unahitaji uongo, ungeubeba wewe," Inspekta akasema. "Mgongo unao. Umeutwisha mtu anayekufungulia geti kila asubuhi na kukuita mheshimiwa. Jina lake unalijua?"

Daktari aliishika miwani yake, akaanza kuifuta.

"Nimekuuliza. Mlinzi wa geti lako anaitwa nani?"

Hakujua. Alijua majina ya ndege wote wa makabati yale, ya kienyeji na ya kitaalamu, na wa visiwani juu yake, lakini hilo hakulijua. Bi Pamba aligeuza uso akatazama dirisha, mabega yakimtikisika, na haikuwa kicheko.

Inspekta alimfunga pingu kwa mbele. Ndege alirudishwa mfukoni, kidole chake pembeni, na Bi Pamba akakataa kumwacha. "Nitambeba mwenyewe mpaka kwenye meza ya huyo Mkuu wenu. Na mtu asimguse na mikono ya chai." Alipopita msumarini alichukua sweta la Inspekta, akamtupia begani. "Vaa mwanangu. Unatetemeka."

"Si baridi, Bi Pamba."

"Najua si baridi. Vaa."

Gari la mahabusu lilikuwa limekwisha washwa walipolikuta uani, linakohoa moshi. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na mke wa mlinzi alikuwa ameshika vyuma vyake kwa mikono miwili, dereva akimtukana kupitia dirishani. Mkuu alisimama barazani na karatasi mkononi.

"Zima," Inspekta akamwambia dereva.

Dereva akamtazama Mkuu.

"Usimtazame yeye. Mimi ndiye nimesimama mbele ya tairi."

Injini ikazimwa. Bi Pamba alipanda ngazi za baraza akihema, akaulaza mfuko kwenye kiganja cha Mkuu wa kituo kama mtu anayemkabidhi mtoto mchanga kwa baba mzembe. Mkuu akatazama ndege. Akamtazama Daktari, pingu zake, viatu vyake vya bei, akatoa leso.

"Inspekta," akasema kwa sauti ya chini, "huyu ni mtu mkubwa. Hebu tuingie ndani, tukae, tuangalie namna..."

"Uliniambia nikuletee ndege. Huyo hapo. Fungua gari."

Watu walikuwa wameanza kusimama nje ya uzio. Mkuu aliwaona, akahesabu simu za mikononi mwao, akaashiria kwa kidevu. Kufuli likafunguliwa.

Mlinzi alishuka kinyumenyume, mkono mmoja ukishika chuma na mwingine umebanwa kifuani. Mkewe hakulia. Alimfunga kile kifungo cha chini kilichokuwa kimefunguka, akamfuta kipaji cha uso, akamsogeza pembeni kidogo kama mtu anayehamisha chombo kilichopata ufa.

"Basi, mzee," Mkuu akasema kwa uchangamfu, akampa mkono. "Mambo yameisha. Mwizi amepatikana, wewe ni huru. Nenda nyumbani ukapumzike. Ajali kazini, tusameheane."

Mlinzi hakuupokea mkono. Alimpita Mkuu, akampita Daktari bila kumtazama, akaingia ndani ya kituo polepole, huku akipumua kwa nusu, mpaka kwenye kaunta. Koplo alikuwa amekaa hapo. Koplo akasimama bila kujua kwa nini amesimama.

"Nimekuja kushtaki," mlinzi akasema.

Mkuu alikuwa amemfuata. "Kushtaki nani tena, mzee? Daktari si huyo ameshafungwa?"

"Daktari mashtaka yake yanajulikana. Mimi nimekuja kumshtaki huyu." Akanyoosha kidole, na mkono ulipoinuka uso wote ulimkunjamana kwa maumivu, lakini hakuushusha. "Na aliyemtuma. Sikuanguka. Nilisema nilianguka kwa kuwa alikuwa amesimama nyuma ya Inspekta na chai."

Mkuu alimtazama Inspekta, na safari hii sauti yake laini haikuja. Macho yake yalisema mambo mengi: kwamba kuna uhamisho, kwamba kuna vituo vya mpakani visivyo na maji, kwamba mtu wa umri wake angefikiria pensheni.

Inspekta alikwenda nyuma ya kaunta. Alimsogeza Koplo kwa kiwiko, akavuta kiti cha Koplo, kile cha mto, akakizungusha mpaka upande wa pili, akakiweka nyuma ya magoti ya mlinzi.

"Keti, baba," akasema. "Jina lako kamili nani?"